Kizibo

Jumamosi, Tabata Kimanga, saa mbili asubuhi,
Korola imeachama uani
nami nimesimama mbele yake, kanga kiunoni,
kama ninayekwenda kumwogesha mtoto asiyetaka.

Jana mshale wa joto ulipanda pale Buguruni.
Nikaegesha sheli, nikainua boneti,
mvuke ukanipofua miwani.
Kijana muuza maji alichungulia akasema,
Mama, hii rejeta imejaa ugoro.
Kweli. Chini ya kifuniko, tope la rangi ya chai ya maziwa.

Si ajabu. Tunainywesha maji ya kisima cha kwa Likunda,
yale yale ya chumvi
yanayokataa povu,
yanayoliotesha birika langu magamba.

Na birika nalijua. Birika ni siki nusu kikombe,
lichemke, lipoe, umwage,
magamba yabanduke kama maganda ya kitunguu.
Nikajiambia: gari nalo ni birika, lina magurudumu tu.

Kondo alinitangulia, wiki iliyopita, kwa sabuni ya unga.
Vijiko vitano. "Kwani nguo na rejeta tofauti nini?"
Povu likatufuata hadi Relini,
likafurika kwenye kidumu cha akiba, likashuka juu ya bampa,
watoto wa shule wakatupigia makofi.
Jiki ilikuwa tayari mkononi, ndiyo iliyofuata,
kama si Fundi Mwinchande kufoka kwenye simu:
hiyo peleka chooni, bwana, itakula alumini yote!

Leo ni siki. Chupa nne, dukani kwa Mangi.
"Kachumbari ya arusi ya nani?" akaniuliza.

Injini baridi. Nafungua koki ya chini,
yanatoka maji ya kahawia, mazito, yananuka msumari.
Nafunga. Natia siki, natia maji, nawasha,
hita nimeifungulia yote, ua mzima unanukia achari.
Dakika ishirini.
Nazima, nangoja ipoe, namwaga. Nasuuza, namwaga,
nasuuza tena mpaka nikaacha kuhesabu,
mpaka maji yakatoka ya kunawia uso.

Kondo yuko barazani anamenya chungwa.
Wiki ya sita hii hatuzungumzi
ila luku, ada, na gari.
Kuna safari yake moja ya Kibaha
ambayo naizunguka kama shimo la barabarani,
nimeshalizoea, nalikwepa hata gizani.
Lakini mikono imelowa siki, moyo mwepesi,
nikafikiri: na hilo nalo tulioshe leo leo.

Ndipo nikaisikia. To.
Chini ya rejeta, kwenye mshono,
mahali palipokuwa pakavu miaka yote tisa.

Mwinchande akaja, akatandika boksi, akalala chali,
akapapasa kwa kidole.
"Umesafisha vizuri mno, shemeji.
Hapa palitoboka zamani sana.
Kutu ndiyo iliyokuwa kizibo."
Hakunilaumu. Alisema kama msoma mita.
Atalehemu Jumatatu, Gerezani, elfu arobaini,
na maji ya Likunda basi, tununue yale ya kijani.

"Ningeiacha je, na uchafu wake?"
Akafuta mikono kwenye suruali, taratibu.
"Ungeiacha ingekufia Chalinze. Usiku."

Ameondoka. Kondo amemaliza chungwa,
ganda lote limetoka utepe mmoja, hajui aliweke wapi.
Nasogeza beseni chini ya tone,
lile la kufulia, lenye ufa ukingoni.

"Kondo," nasema, "Kibaha ulikwenda kwa nani?"

Anainua macho.
Tone linaanguka, na lingine.
Mwanzo lilikuwa likilia plastiki.
Sasa linalia maji.